Ikishauzwa Hairudishwi

Mwaka 1883 kijana Mskoti wa miaka 25, Joseph Thomson, alikwama Taveta kwa sababu ya wateja. Alikuwa ametumwa na Royal Geographical Society ya London atafute njia ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kupitia nchi ya Wamaasai. Huko alikokuwa akienda, noti na sarafu zisingemnunulia hata kibuyu cha maziwa. Kwa hivyo alibeba nguo, seng'enge na shanga, na hizo ndizo zilizokuwa pesa zake za chakula na za kulipia njia. Pale Taveta, kabla hajaingia Umaasaini, akapata habari kwamba shanga zake hazitapokelewa. Zilikuwa shanga nzuri tu. Shida ni kwamba hazikuwa zimetungwa kwa urefu ambao Wamaasai waliutaka, na Mmaasai hakuwa na haja ya kununua kitu halafu akae chini kukimalizia kazi. Basi msafara ukasimama, na watu wakatunga shanga. Makumi ya maelfu ya nyuzi, moja baada ya nyingine, mpaka bidhaa ikawa vile mteja anavyoitaka.

Hadithi hiyo iko katika kitabu chake, Through Masai Land, kilichotoka 1885. Thomson anaisimulia kama kero ya safari. Mimi nilipoisoma nilicheka, kisha nikakasirika kidogo. Huyo mteja wa 1883 hakuwa na risiti. Hakuwa na katiba, hakuwa na bunge, hakuwa na namba ya kupigia. Lakini aliyekula hasara ya bidhaa yenye kasoro ni mwenye bidhaa.

Sasa jiweke wewe, leo, kwenye duka lolote la simu au la vyombo vya umeme kutoka Luthuli Avenue hadi River Road. Chini ya risiti kuna mstari mmoja, na kama haupo kwenye risiti umebandikwa ukutani juu ya kaunta, kwa Kiingereza cha herufi kubwa. Maana yake: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tumeuona mara nyingi mpaka tunadhani ni sheria ya nchi. Chaja ikifa kesho yake, pasi ikianza kurusha cheche, redio ikinyamaza, tunautazama ule mstari na kusema, ah, basi.

Swali langu ni rahisi. Tulitokaje kwa yule mteja wa Taveta tukafika kwa huyu wa Luthuli? Maana kila nikifuatilia historia ya malalamiko ya wanunuzi katika nchi hii, naona kwamba ubora wa bidhaa ni nusu tu ya mambo. Vitu huharibika kila mahali, hata vile vya bei. Nusu ya pili, na ndiyo inayouma, ni hii: kitu kikiharibika, nani anakula hasara?

Tuanze na nguo. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa Massachusetts, ikaanza kumiminika Zanzibar. Watu wakaiita merikani, jina lile lile la nchi ilikotoka. Kutoka pwani ilipanda na misafara hadi Unyamwezi, hadi maziwa makuu. Waingereza waliitamani biashara hiyo. Viwanda vyao ndivyo vilivyokuwa vinaongoza duniani, na Manchester ilijaribu kutengeneza nguo ya kuiga merikani. Lakini wanunuzi wa huku waliijua merikani kwa kuishika. Walijua uzito wake na jinsi inavyostahimili kufuliwa, na kwa miaka mingi waliendelea kuitaka ile ya Marekani. Ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilivyovuruga biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi kubwa.

Shanga zilikuwa na ugumu zaidi. Richard Burton, aliyesafiri bara mwishoni mwa miaka ya 1850, aliandika kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400 za shanga katika biashara ya Zanzibar. Kila eneo lilikuwa na yake. Rangi iliyopendwa mwaka huu ingeweza kuchokwa mwaka ujao, na mfanyabiashara aliyefika na shanga za msimu uliopita alikuwa amebeba mchanga. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameeleza katika kitabu chake cha 2008, Domesticating the World, jinsi uchaguzi wa wanunuzi wa Afrika Mashariki ulivyowalazimisha watengenezaji wa Salem na Bombay kubadilisha bidhaa zao. Yaani kiwanda cha Marekani kilikuwa kinaangalia mtu wa bara huku anataka nini mwaka huu.

Sitaki kuipamba karne hiyo. Misafara ile ile ilirudi pwani na pembe za ndovu, na katika njia hizo hizo watu walikuwa wanatekwa na kuuzwa. Haikuwa paradiso ya mteja. Ninachosema ni kitu kimoja tu: mwenye bidhaa alikuwa ndiye anayesafiri. Alikuwa mbali na kwao, ana mamia ya watu wa kulisha, na mizigo yao iko mabegani. Asipopendwa na mteja, hawezi kufunga duka aende nyumbani. Mteja yeye alikuwa kwake, ana ng'ombe wake, ana maziwa yake, na angeweza kusema hapana bila kulala njaa. Nguvu ya mteja inaanzia hapo, kwenye uwezo wa kusema hapana.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na Kisumu 1901. Mwaka huo huo wa 1901 serikali ya kikoloni ikaanza kodi ya nyumba. Mambo haya mawili yakaja pamoja, na hali ya mnunuzi ikageuka. Kodi ilidai pesa, pesa ilidai kazi ya mshahara, na mshahara ukaishia dukani. Neno lenyewe duka lilikuja na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, nao walikuwa wameanza kuingia bara hata kabla ya reli. Allidina Visram, aliyefika Afrika Mashariki akiwa kijana mwaka 1863, alikuwa na matawi pwani na bara hadi Uganda kabla ya kufariki 1916.

Simlaumu mwenye duka wa enzi hiyo. Wengi wao walikuwa watu wadogo waliokopeshwa na wakubwa, wakilala nyuma ya kaunta pamoja na chumvi, sukari na mafuta ya taa. Lakini angalia nafasi imebadilika namna gani. Sasa anayesafiri ni mteja. Anatembea kilomita nyingi kufika kwenye kituo cha biashara chenye duka moja au mawili. Nguo iko nyuma ya kaunta, juu ya rafu, na hawezi kuishika mpaka aonyeshe pesa. Akisema hapana, anarudi nyumbani mikono mitupu. Na akirudi kesho na nguo iliyotoka rangi, atamwonyesha nani?

Miaka ya 1930 inanifurahisha kwa sababu ya jambo moja ambalo babu zetu walilijua na sisi tumelisahau. Siku hizi kitu kikivunjika mapema tunasema, ni cha China hicho. Wakati ule bidhaa rahisi zilizojaa madukani zilikuwa za Japani. Nguo za pamba za Kijapani zilichukua sehemu kubwa ya soko la Kenya, na wenye viwanda wa Uingereza wakalalamika sana. Hawakuweza kuzizuia kwa ushuru wa upendeleo, kwa sababu mikataba ya bonde la Kongo, iliyotokana na mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ilitaka Afrika Mashariki iwe soko wazi kwa mataifa yote. Mtu wa mshahara mdogo alinunua alichoweza.

Leo Japani ni Probox. Ni gari linalobeba miraa kutoka Meru na watu tisa kutoka kwenye kituo ambacho hakiko kwenye ramani, na halifi. Kwa hivyo uovu wa bidhaa hauna kabila wala pasipoti. Kiwanda hutengeneza kwa kiwango alichoagizwa, na mwagizaji huagiza kwa kiwango anachojua hakitamrudia. Kama hasara haimrudii, kwa nini alipie zaidi?

Na hapa ndipo ninapotaka usikilize vizuri, kwa sababu mambo yanakuwa ya ajabu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, sheria ilikuwa tayari imempa mnunuzi haki. Uingereza ilipitisha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa mwaka 1893. Koloni ya Kenya ikaichukua karibu ilivyo mwaka 1931, na bado iko kwenye vitabu vyetu kama Sura ya 31. Ndani yake, katika kifungu cha 16, kuna ahadi mbili ambazo muuzaji anahesabiwa kuzitoa hata asipofungua mdomo. Ya kwanza: ukimweleza muuzaji unataka kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo. Ya pili: ukinunua kitu kwa jina lake kutoka kwa mtu anayeuza vitu vya aina hiyo, lazima kiwe na ubora wa kuuzika. Pasi lazima ipige pasi.

Kuna mwanya, ingawa. Ukikikagua kitu kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Ndiyo maana mimi huitazama kwa jicho lingine ile ibada ya maduka yetu: balbu inachomekwa, inawaka, inachomolewa; simu inawashwa, inapigwa picha moja ya dari, inazimwa. "Umeona? Iko poa." Tunadhani ni huduma nzuri. Ni huduma, kweli, lakini pia ni kinga ya muuzaji. Tangu sekunde hiyo, ukirudi, neno la kwanza utakaloambiwa ni kwamba ulikiona kikifanya kazi.

Mwaka mmoja baada ya sheria hiyo kufika Kenya, kesi kubwa iliamuliwa London. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mkahawa mmoja wa Paisley, Uskoti, rafiki wa mwanamke aitwaye May Donoghue alimnunulia kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, huwezi kuona ndani. Donoghue alisema kwamba mabaki ya kinywaji yalipomiminwa, yalitoka na konokono aliyeoza, na kwamba aliugua. Alikuwa mfanyakazi wa dukani. Hakuwa na pesa za kesi, ikabidi ajieleze kwamba ni maskini ndipo aruhusiwe kuendelea bila kutoa dhamana ya gharama. Tena si yeye aliyenunua kile kinywaji, kwa hivyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Alimshtaki mtengenezaji, David Stevenson.

Tarehe 26 Mei 1932 majaji watano wa House of Lords waliamua, watatu kwa wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtu wa mwisho atakayetumia bidhaa yake, hata kama hawajawahi kuonana. Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani, kwa kuwa madai yalimalizwa kwa makubaliano. Lakini uamuzi ulibaki, na wanafunzi wa sheria kutoka Parklands hadi Eldoret wanakaririshwa mpaka leo. Mwanamke aliyeajiriwa dukani, bila pesa, alifanya hasara ipande juu hadi kiwandani.

Kwa nini basi haikupanda huku? Kwa sababu sheria iliyoandikwa kwa lugha usiyoisoma, na inayodaiwa katika mahakama usiyoweza kuilipia nauli, ni kama maji ya kisima kisicho na kamba. Mfanyakazi wa shambani Thika mwaka 1935 alikuwa na haki ya nguo isiyochuja. Hakuna aliyemwambia.

Nami nilijifunza jinsi hasara inavyoshuka siku niliporudisha blenda. Nilikuwa nimemnunulia mama kwa shilingi 3,500, katika duka moja la katikati ya jiji. Kijana wa kaunta aliichomeka, ikanguruma, akaizima, akanipongeza. Baada ya wiki tatu ikatoa harufu ya mpira unaoungua, na mwisho wake ukawa huo. Nikairudisha na sanduku lake na risiti yake.

"Boss, si ulisoma hapo?" kijana akaniuliza, akinionyesha ukuta.

"Nilisoma. Lakini imekufa na haijamaliza hata mwezi."

"Ilitoka hapa ikiwa nzima. Tulikutestia."

"Basi niitie mwenye duka."

"Mwenyewe hayuko." Akaangalia nyuma, akashusha sauti. "Buda, nikipokea hii itakatwa kwa mshahara wangu. Si uongo."

Kwenye sanduku kulikuwa na namba ya huduma kwa wateja. Nikapiga. Muziki ukacheza, sauti ya mwanamke ikaniambia simu yangu ni ya thamani kwao, muziki ukacheza tena, laini ikakatika. Nilipiga siku tatu. Siku ya nne nilikuwa na kazi za kufanya. Mama analitumia lile jagi kuwekea maji ya limau, na anasema ni jagi zuri.

Maneno ya yule kijana yamekaa nami kuliko ile blenda. Hebu fuata njia yake. Kiwanda kiko mbali, na mwagizaji hatarudisha kontena zima kwa sababu ya blenda moja. Kwa hivyo mwagizaji anamwambia wa jumla wa Nyamakima hairudishwi. Wa jumla anamwambia mwenye duka hairudishwi. Mwenye duka anamwambia kijana, ukipokea ni juu yako. Kijana anakuonyesha ukuta. Hasara ni kama maji, inatafuta mahali pa chini kabisa, na pale chini tuko wawili: mimi na mtu anayelipwa mshahara mdogo kuliko bei ya vitu anavyoviuza. Halafu tunagombana sisi kwa sisi. Na ndiyo maana nikiona mtu anamfokea mhudumu huwa nataka kumwambia, huyo siye, huyo ni mwenzako.

Uhuru haukubadilisha mwelekeo huo haraka. Kwa muda mrefu serikali ilishughulika zaidi na bei: unga, sukari na maziwa viuzwe kwa shilingi ngapi. Mwaka 1974 ikaundwa Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Mwaka 1979 ikapitishwa sheria dhidi ya maelezo ya uongo kwenye bidhaa. Hatua nzuri. Ila tazama zinavyofanya kazi. Mwenye kosa akikamatwa anatozwa faini, na faini inaenda serikalini. Bidhaa mbovu inateketezwa mbele ya kamera. Shilingi zako wewe uliyenunua jana haziko kwenye picha hiyo.

Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, udhibiti wa bei ukaondolewa, na vitu vikaingia kutoka kila pembe. Kati ya vyote vilivyoingia, nguo za mitumba ndizo zilizotengeneza soko ambalo bado lina harufu ya Taveta. Nenda Gikomba asubuhi belo linapofunguliwa. Kuna kamera, zile nguo safi za kuchaguliwa kwanza; kuna fagia, yale mabaki ya mwisho yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Mnunuzi anainua shati juangani, analivuta mshono, anaangalia kwapani, analirudisha. Hakuna anayemkemea. Kasoro ikiwepo, bei inashuka pale pale. Anayebahatisha ni mama muuzaji, aliyenunua belo likiwa limefungwa, bila kujua ndani kuna nini, na hawezi kulirudisha. Kwa hiyo hata hapo hasara imepata mtu wa kumlalia. Ila mnunuzi wa mwisho ana macho yake na ana mikono yake, na kibanda cha jirani kiko hatua mbili.

Vitu vya umeme ni kama chupa ya Paisley. Huoni ndani. Na tukio lililonionyesha wazi zaidi mzigo unaishia wapi ni la simu. Mwaka 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu feki zizimwe. Uliambiwa bonyeza *#06#, upate namba 15 za IMEI, uzitume kwa 1555, usubiri hukumu. Baada ya tarehe 30 Septemba, simu karibu milioni 1.9 zikanyamaza.

Serikali ilikuwa na sababu zake. Simu isiyo na namba halali ni vigumu kuifuatilia ikitumika kwa uhalifu. Sibishani na hilo. Lakini simu milioni 1.9 haziingii nchini mfukoni mwa mtu mmoja. Zilipita forodhani, zikapita kwa wa jumla, zikauzwa kwenye maduka yenye leseni, kwa risiti yenye ule mstari wetu chini. Kila aliyezigusa njiani alikuwa amekwisha kupata faida yake. Aliyeamka Oktoba mosi na kipande cha plastiki mkononi ni mama mboga, ni mwanafunzi, ni mtu wa bodaboda. Akaenda kununua nyingine.

Na cha kushangaza, mwaka huo huo wa 2012, bunge lilipitisha sheria ambayo ilipaswa kuzuia mambo kama hayo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, ilikuwa imempa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya habari anazohitaji, haki ya kulindwa afya, usalama na mfuko wake, na haki ya kufidiwa akiumizwa au akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Tarehe 13 Desemba 2012 Sheria ya Kulinda Wateja ikatiwa saini, nayo kwa bahati ni sheria namba 46 ya mwaka huo. Sehemu kubwa yake imechukuliwa kutoka sheria ya jimbo la Ontario, Kanada.

Kifungu chake cha 5 kinasema muuzaji anahesabiwa kuwa ametoa dhamana kwamba bidhaa au huduma ina ubora unaokubalika. Kisha kinaongeza kwamba sharti lolote la kumnyang'anya mteja dhamana hiyo ni batili. Soma tena. Batili. Ukibadilisha mawazo tu kuhusu rangi ya viatu, mwenye duka ana haki ya kukukatalia, hapo hamna ubishi. Lakini kitu kikiwa kibovu, ule mstari wa ukutani hauna nguvu ya kisheria kuliko tangazo la mganga kwenye nguzo ya stima.

Unafanya kazi kwa sababu nyingine. Mwenye duka amepiga hesabu zake. Anajua 3,500 haitakupeleka kwa wakili. Anajua nauli, kuomba ruhusa kazini, foleni. Anajua kati ya watu kumi wenye blenda mbovu, tisa watalalamika nyumbani na kwa marafiki. Wa kumi ataandika mtandaoni, na kama ana wafuasi wengi atapigiwa simu jioni hiyo na kuombwa msamaha. Huyo wa kumi amepata fadhila. Fadhila inategemea wewe ni nani. Haki haiulizi.

Mlango mmoja umefunguliwa karibuni, na watu wa rika langu wengi hawaujui. Tangu 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, unaruhusiwa kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Haitafanya blenda ya kila mtu irudi. Lakini kwa friji ya shilingi 60,000, kwa fundi aliyekula depositi ya kabati, kwa kompyuta iliyokufa wiki ya kwanza, kamba ya kisima sasa ipo. Weka risiti, piga picha, andika barua ya madai ukitaja kifungu cha 5, mpe mwenye duka mwenyewe na si kijana wa kaunta, mwekee siku, kisha nenda.

Nikirudi kwa Thomson, kuna jambo ambalo ni rahisi kulipita katika hadithi yake. Hakutunga shanga kwa sababu ya Mmaasai mmoja mkali. Mteja mmoja mkali angemkwepa, angeenda boma lijalo. Alizitunga kwa sababu aliambiwa, kabla hata ya kukutana na mteja wa kwanza, kwamba boma lijalo nalo litakataa, na la baada yake, na la baada ya hilo. Urefu wa uzi ulikuwa umekubaliwa na watu wote bila kibao na bila ofisi. Wauzaji wetu wanapiga hesabu ya tisa kwa kumi. Siku wakianza kukutana na watu watatu kwa kumi wenye barua mkononi, hesabu itawashinda, na watakaoanza kupigiwa simu ni wale wa juu: wa jumla, mwagizaji, kiwanda. Kwa sasa kibao bado kiko ukutani, na risiti ya leo iko mfukoni mwako. Usiitupe.